Lenzi ya 300mm imegoma kwenye Spotmatic ya marehemu ami, yaingia mzunguko mmoja tu

#1 MtotoWaMkomani (Lamu)

Asalaam aleikum wana jukwaa.

Naomba msaada kabla sijaharibu kitu. Ami yangu alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Alikuwa mpiga picha hapa Lamu: harusi, vitambulisho, watu wa Maulidi wakitoka msikiti wa Riyadha. Watu wa rika lake wakimwita Shoto, na hali mimi nimemjua maisha yangu yote akila na kuandika kwa mkono wa kulia. Juzi mkewe akaniita akanipa sanduku la mbao. "Chukua wewe, wanangu watalipima kilo kwa mtu wa vyuma."

Ndani mna kamera ya Asahi Pentax Spotmatic, na spidi zote zalia sawa nikisikiliza kwa sikio. Mna lenzi yake ya Super-Takumar 55mm f/1.8, ila kioo kimegeuka rangi kama chai ya rangi. Mna Tamron fupi ya 28mm f/2.5 ambayo haiingii kabisa, nyuma haina hesi, yaani meno ya skrubu. Na mna bomba refu jeusi lililoandikwa 300mm na f/5.5 na kwamba limetengenezwa Japani. Jina la kampuni hakuna.

Hilo bomba ndilo linaloninyima usingizi. Lina hesi nyuma, nimepima kwa rula ni mili 42, sawasawa na mdomo wa kamera. Nikilikaza laingia mzunguko mmoja na robo hivi, halafu lagoma. Nikichungulia picha yaonekana, lakini mambo ni ya ajabu. Jahazi lililo upande wa Manda ladhihiri pete ya fokasi ikiwa kati ya mita 10 na 15. Nikizungusha hadi ile nane iliyolala, ya mbali kabisa, kote ni ukungu. Na paka aliyelala barazani, hatua kumi tu kutoka nilipo, hapatikani hata nifanyeje.

Nikaze zaidi ama?

#2 KamandaPwani (Kilifi)

Wa aleikum salaam. 42 ni 42 ndugu yangu. Pentax za zamani ni mili 42, lenzi yako mili 42, shida iko wapi? Hiyo ni chumvi ya bahari na uchafu wa miaka. Tia mafuta ya cherehani, shika kwa kitambaa, kaza. Mimi Praktica yangu, kamera ya Kijerumani, ilikuwa hivyo hivyo.

#3 BiSalmaPicha (Mombasa)

Mwanangu USIKAZE. Na mafuta weka kando. Kamanda usinichukie, lakini ushauri huo umeshaua kamera nyingi.

Hilo bomba halikuzaliwa na Pentax. Ni lenzi ya T, au T2 kama wengi wanavyoiita. Mwanzo wake ni Tamron, 1957, wakati kampuni ikiitwa Taisei Kogaku. Hesi ya kwanza ilikuwa mili 37, kisha 1962 wakaja na hii ya mili 42. Zama hizo kila kamera ilikuwa na mdomo wake: Nikon mbali, Minolta mbali, Exakta mbali, Pentax mbali. Kiwanda kidogo cha lenzi kitatengeneza bomba moja mara ngapi? Basi wakatengeneza lenzi isiyo na mdomo wa mtu, na pete za kufunga nyuma yake. Ukienda dukani wataja kamera yako, wafungiwa pete yake. Ukibadilisha kamera, wabadilisha pete, lenzi yabaki. Mabomba ya namna hii yaliuzwa kwa majina chungu nzima na mengine bila jina, kama lako.

Sasa yako imepoteza pete. Unachokiona nyuma ni hesi ya ndani, ile iliyokusudiwa kuingia kwenye pete, na kwa bahati mbaya upana wake ni uleule wa mdomo wa Pentax. Meno ndiyo si yaleyale. T2 yapanda mili 0.75 kila mzunguko. Pentax na Praktica, hizi tunazoziita M42, zapanda mili 1. Zadanganyana mzunguko mmoja, halafu zaumana.

Kuitoa: inamisha kamera mdomo uangalie chini, zungusha kinyume polepole, usipige wala usipashe moto. Kuinamisha si mapambo. Kama kuna unga wa chuma umekwaruzika, udondoke mezani, usiingie kwenye pazia la shata. Pazia la Spotmatic ni kitambaa.

#4 FundiKerezo (Malindi)

Bi Salma amesema kweli tupu. Mimi si mpiga picha, mimi ni mtu wa kukereza vyuma, mashafti ya boti na kadhalika, lakini kamera nimeshaletewa na wazee wa Kitaliano hapa Malindi. Wengi walikuja na mizigo yao ya zamani, na vyuma vya zamani havifi, vyabadilisha mikono tu.

Kwa wasioelewa hatua ya hesi ni nini: kachukue bolti ya mili 10 ya injini na bolti ya mili 10 ya lori. Moja yaweza kuwa hesi 1.25 na nyingine 1.5. Ukiziangalia kwa macho ni mapacha. Ukiingiza moja kwenye nati ya mwenzake yaingia kidogo kwa upole, wewe ukafurahi, ukatia spana. Hapo ndipo umeshakula nati.

Kijana, pima uwe na hakika. Weka rula ya chuma juu ya hesi ya lenzi, piga picha kwa simu kwa karibu, ikuze, hesabu vilele ndani ya mili 3. Ukipata vitatu ni M42. Ukipata vinne ni T2.

#5 MtotoWaMkomani (Lamu)

Nimeitoa alhamdulillahi. Kumedondoka vumbi la kung'aa kidogo juu ya gazeti, moyo ukanipasuka, lakini nimejaribu ile Takumar imeingia laini kama kawaida.

Nimehesabu mara tano. Vinne.

Sasa mnieleze, kama haikuwa mahali pake, mbona jahazi lilionekana vizuri kwenye mita 10 na kitu? Picha ilikuwa safi kabisa, sikudanganyika.

#6 mpigapicha_mstaafu (Tanga)

Mkuu, hilo swali ni tamu, ngoja nikujibu kwa hesabu kidogo. Nimefundisha fizikia miaka mingi kabla ya kustaafu.

Kila aina ya kamera ina umbali wake kutoka kwenye mdomo wa chuma hadi kwenye filamu. M42 ni mili 45.46. Lenzi ya T imetengenezwa ikae mili 55 kutoka kwenye filamu. Toa: ni kama mili 9.5. Huo ndio unene ambao pete iliyopotea ilitakiwa kuujaza. Wewe uliiweka lenzi bila pete, kwa hiyo imesogea karibu mno na filamu.

Lenzi ikiwa karibu mno, alama zake zote zinasema uongo. Ili uone kitu cha mbali sana inabidi uitoe mbele kwa zile mili zilizopungua, na kutoa mbele ndiyo kazi ya pete ya fokasi. Kwa lenzi ya 300mm unachukua 300 mara 300, unapata 90,000, unagawa kwa 9.5. Inakuja kama mili 9,470, yaani mita 9 na nusu hivi, ongeza urefu wa lenzi yenyewe unafika mita 10. Na kwa kuwa yako haikukaa hadi mwisho, iligoma ikiwa imeacha upenyo kidogo, ndiyo maana uliona kwenye 10 na kitu. Jahazi la mbali linakaa kwenye alama ya mita 10, na mwendo wa pete unaobaki hautoshi kumfikia paka.

Ukienda kinyume, lenzi ikikaa mbali kuliko inavyotakiwa, unapata paka na unapoteza jahazi. Ndiyo sababu lenzi za M42 zikifungwa kwenye Nikon kwa pete ya kawaida hazioni mbali: Nikon ni mili 46.5, tayari imezidi kabla hujaweka pete yoyote. Olympus OM nayo ni 46, yale yale. Minolta za zamani ni 43.5 na Canon FD ni 42, hizo zina nafasi ya kutia pete katikati.

#7 KamandaPwani (Kilifi)

Haya nimenyamaza. Nimeitoa Praktica kabatini nikaangalia mdomo wake kwa tochi. Hesi tatu za mwanzo zimelala kama nyasi. Kumbe miaka yote nikilaumu Wajerumani.

#8 dogo_wa_shela (Lamu)

Si mnunue simu tu jamani, ina kuza mara 100 🙂

#9 BiSalmaPicha (Mombasa)

Dogo, simu yako tutakutafuta nayo baada ya miaka 50 tuone kama yawaka.

Mtoto wa Mkomani, hebu niambie hiyo 300 ina pete mbili za f, za kufunga na kufungua tundu la mwanga, au moja?

#10 MtotoWaMkomani (Lamu)

Mbili. Moja yalia tik tik kwenye kila namba, nyingine yateleza tu haina mlio. Nilidhani imekatika ndani.

#11 BiSalmaPicha (Mombasa)

Haijakatika, ndivyo ilivyo. Lenzi za T hazina mawasiliano yoyote na kamera, hakuna pini wala mkono wa kufunga tundu unapobonyeza. Super-Takumar yako ina pini ndogo nyuma, na Spotmatic ina kibao cha kuisukuma. Ndiyo maana wachungulia tundu likiwa wazi, lajifunga lenyewe wakati wa kupiga. Bomba lako kazi hiyo waifanya kwa vidole.

Pete ya tik tik waiweka kwenye namba unayoitaka, tuseme 11. Hiyo ni kizuizi tu, tundu halifungwi bado. Pete laini waifungua hadi mwisho, wachungulia kukiwa na mwanga wa kutosha, wapata fokasi. Ukiwa tayari, bila kuondoa jicho, waizungusha pete laini hadi igonge, imefika 11. Wapiga. Wasahau mara mbili tatu, picha zaja nyeupe, kisha mkono wazoea. Mimi nilipiga ngalawa za mashindano kwa bomba kama hilo na sikulaumu.

Na kutunza jicho: 300mm bila miguu mitatu usishuke chini ya 1/500. Jua letu la saa sita, filamu ya 400, waweza kwenda f/16 kwa 1/500 bila hata kupima. Kuta nyeupe za Lamu na mchanga wa Shela, funga hatua moja zaidi.

#12 FundiKerezo (Malindi)

Kuhusu pete. Naweza kukereza. Ndani hesi ya 0.75, nje hesi ya 1, unene kati ya bega na bega mili 9.54. Shaba au aluminiamu, mimi napenda shaba, haiumi hesi ya mwenzake. Lakini nakwambia ukweli wa fundi: kubadilisha gia za mashine mara mbili kwa pete moja, na kipande cha chuma, na siku yangu nzima, nitakutoza bei ambayo wanunua pete kumi za kiwanda. Pete za T2 za M42 ni miongoni mwa vitu rahisi sana kupatikana, watazama nyota na watu wa hadubini wazitumia mpaka leo.

Ila likitokea la kukereza, usiogope unene ukipungua kidogo. Ikiwa nyembamba kwa nywele, lenzi itavuka ile nane iliyolala, na wewe walenga kwa macho kwenye kioo, hutadhurika. Ikizidi unene ndipo utakapopoteza mbali. Kwa hiyo fundi mwenye akili akosea upande wa chini.

#13 BiSalmaPicha (Mombasa)

Asikereze mtu. Ninayo moja kwenye kopo la vifungo, ya bomba langu lililoingia maji. Naitia kwenye basi la kesho la Lamu, mtu akaipokee Mokowe. Nitakutumia namba ya kifurushi kwa ujumbe wa ndani. Pesa sitaki, nataka picha.

#14 MtotoWaMkomani (Lamu)

Bi Salma Mungu akuzidishie. Sina la kusema.

Wakati nasubiri, ile Tamron ndogo nayo ni T2? Nyuma ina makucha matatu ya chuma na kidude cha kusukuma pembeni.

#15 mpigapicha_mstaafu (Tanga)

Hapana mkuu, hiyo ni mjukuu wa T2. Tamron walianza na T, halafu 1969 wakatoa Adapt-A-Matic, 1973 Adaptall, 1979 Adaptall-2. Fikra ni ileile ya pete za kubadilisha, lakini hizi mpya pete yenyewe ina vyuma na mikono ndani, inapeleka habari za tundu kwa kamera. Tundu linajifunga lenyewe, kipima mwanga kinasoma. T haikuweza hilo.

Sukuma hicho kidude kwa kucha, zungusha ile pete ya nyuma kinyume cha saa, itatoka nzima. Utabaki na lenzi uchi na pete ya kamera nyingine, kwa maelezo yako ya makucha naona ni Minolta au inayofanana nayo. Tafuta pete ya Adaptall-2 ya M42. Zipo, ila si za bei ya T2.

Angalizo kwa wote: msichanganye. Pete ya T haiingii Adaptall, na zile T4 na TX za Vivitar na Soligor ni ukoo mwingine kabisa ingawa herufi ni hiyo hiyo. Nimeona mtu amenunua pete tatu na hakuna hata moja iliyoingia.

#16 KamandaPwani (Kilifi)

Mwalimu na mimi niulize basi nipate faida. Nina Zenit ya zamani sana, mdomo mdogo, mili 39. Jamaa ananiuzia Jupiter-8 ya mili 39. Safari hii nimehesabu hatua kabla ya kuuliza 😂

#17 mpigapicha_mstaafu (Tanga)

Hahaha umekua. Lakini usinunue. Zenit za mwanzo ni mili 39, umbali 45.2. Jupiter-8 ni ya kamera za aina ya Leica, FED na Zorki, mili 39 pia, umbali 28.8. Utaifunga vizuri, utapiga picha ya kope za mtu aliye mbele yako, basi. Kamera yenye kioo cha kuinuka ndani haiwezi kuisogeza lenzi hiyo karibu na filamu inavyotaka, kioo kipo njiani.

#18 MzeeDarubini (Langoni, Lamu)

Wanangu, mato yangu hayasomi sana lakini mjukuu wanisomea. Shoto namjua, alipija harusi yangu. Studio zilikuwapo Lamu hata kabla yake, Bakor alikuwa maarufu zaidi. Shoto yeye hakuwa na duka, alikuwa na begi. Alikuja na kamera nzito ya fedha fedha, ikakohoa kama punda. Hiyo Pentax nyeusi aliinunua baadaye, nyuma ya kwenda Mombasa.

#19 MtotoWaMkomani (Lamu)

Shikamoo babu. Pentax hii si nyeusi, ni ya fedha vilevile.

#20 MzeeDarubini (Langoni, Lamu)

Marahaba. Basi nimezeeka. Lakini kamera ilikuwa nyingine.

#21 MtotoWaMkomani (Lamu)

Pete imefika! Imetoka Mombasa asubuhi, imevuka kutoka Mokowe na boti ya mwisho, nimeipokea gatini na glasi ya maji ya tende mkononi. Imeingia kwenye bomba kama siagi, na Pentax ikaipokea zungusho baada ya zungusho hadi mwisho. Nane iliyolala sasa ndiyo jahazi, na paka amepatikana, ana kovu juu ya pua ambalo sikulijua.

Tatizo moja. Maandishi ya namba yametazama chini. Nikitaka kusoma f lazima nigeuze kamera kichwa chini.

#22 BiSalmaPicha (Mombasa)

Si tatizo. Ukingoni mwa pete mna skrubu tatu ndogo sana zisizo na kichwa. Pete ni mbili kwa hakika, moja ndani ya nyingine, na hizo skrubu ndizo zinazozishikanisha. Zilegeze kwa bisibisi ya fundi saa, usizitoe, nusu mzunguko yatosha. Zungusha lenzi mpaka namba ziwe juu, kaza kidogo kidogo zote tatu kwa zamu, usimalize moja kabla ya nyenzake.

Kama zimeshikwa na kutu ya chumvi, tone moja la mafuta mepesi kwa ncha ya sindano, ulale, uamke. Tone MOJA. Likizidi litatembea ndani hadi kwenye majani ya tundu na pete laini itaanza kunata.

#23 MtotoWaMkomani (Lamu)

Mbili zimelegea papo hapo. Ya tatu ilinitesa, nikalala nikaamka kama ulivyosema. Sasa namba ziko juu.

Na kipima mwanga cha kamera kimekufa. Fundi mmoja mjini kaniambia betri zake zilipigwa marufuku, nitupe.

#24 BiSalmaPicha (Mombasa)

Za zebaki ndizo zilizokwisha, na ni kweli kamera nyingi za zama hizo huyumba ukizitilia betri za leo zenye volti zaidi. Spotmatic ina mpango wa umeme usiojali sana tofauti hiyo, Mungu awape heri waliouchora. Nenda kwa fundi saa umtake betri ya 394, ya oksidi ya fedha. Ni nyembamba kidogo kuliko nyumba yake, izungushie pete ya mpira isicheze. Safisha kwanza vifuniko, hapo Lamu lazima pana ukijani.

Na kwa bomba la T ni lazima kibonyezo cha pembeni ya mdomo kiwe juu, na pete laini imefungwa, ndipo usome sindano.

#25 FundiKerezo (Malindi)

Hamjamjibu kuhusu kioo cha rangi ya chai. Nimeuliza Mtaliano wangu. Asema baadhi ya Takumar za zama zile, za 50mm f/1.4 za vioo saba na baadhi ya 55mm, zina thoriamu, madini yenye mionzi, kwenye kioo. Kioo hicho chajigeuza njano kadiri miaka inavyokwenda, si ukungu wala fangasi, hakifutiki kwa kitambaa. Dawa ni jua. Wafungua tundu lote, waiweka juani kipande cha karatasi ya fedha kikiwa chini yake, siku kadhaa, yarudi nyeupe. Ndani ya dirisha yachelewa kwa kuwa kioo cha dirisha chazuia sehemu ya mwanga unaotakiwa.

#26 mpigapicha_mstaafu (Tanga)

Ni kweli kabisa, na mionzi yake ni midogo, ila usiiweke chini ya mto. Nyongeza ya maana kuliko yote kwa watu wa Lamu: lenzi juani ni kioo cha kuwashia moto. USIIACHE DARINI KARIBU NA MAKUTI. Funika mbele na nyuma unapoihamisha, na uwepo karibu.

#27 MtotoWaMkomani (Lamu)

Makuti yapo hatua mbili. Nimeiweka kwenye sinia la chuma katikati ya ua, binamu yangu analinda kwa malipo ya mahamri. Siku ya nne leo, chai imekuwa chai ya maziwa.

#28 MtotoWaMkomani (Lamu)

Wiki tatu baadaye. Samahani kwa kimya, filamu ilikwenda Nairobi ikarudi. Filamu moja siku hizi ni sahani za pilau, nimepiga kwa ubahili. Kati ya 36, tano nilisahau kufunga pete laini, nyeupe pe. Mbili kiegemeo kilitikisika. Lakini jahazi la Matondoni likirudi na boriti za mikoko, tanga limejaa kusi, kamba zote zahesabika. Bi Salma nimekutumia.

Jambo jingine. Nilimpelekea mke wa ami picha hiyo. Akaitazama, akaangalia lenzi, akaangalia ile pete ya Bi Salma, akasema "mbona hiki si kidude chake, chake ni kile". Akaenda kwenye droo ya cherehani akarudi na pete nzito, nilidhani ni ya pazia. Ndani ina hesi, bomba likaingia. Lakini upande wa kamera hauna hesi, una makucha matatu. Nimeipima kwa vania ya jirani, kutoka bega hadi bega ni mili 10.3. Haiingii Pentax, haiingii kokote. Ni ya nini?

#29 mpigapicha_mstaafu (Tanga)

55 toa 10.3 ni 44.7. Hiyo ni Exakta mkuu. Kamera ya Dresden, ya kiwanda cha Ihagee, nzito, ya fedha fedha.

#30 BiSalmaPicha (Mombasa)

Na mzee wetu wa Langoni hakuzeeka.

Mwanangu, nenda kamuulize mama huyo ami yako alikuwa akishikaje kamera. Exakta kibonyezo cha kupigia kiko upande wa kushoto, na mkono wa kuvutia filamu pia uko kushoto.

#31 MtotoWaMkomani (Lamu)

Nimemuuliza. Hata sikumaliza swali. Ameinua mikono kama aliyeshika kamera, kidole cha kushoto kikabonyeza hewani.